Usiku Anaolala Kwako na Hela ya Matunzo: Mwongozo Kamili kwa Wazazi Mnaolea Nyumba Mbili

Kuna maswali mawili yanafanana sana ila yanatoka midomo tofauti. Mmoja anauliza "mtoto si analala kwangu nusu ya wiki, sasa mbona bado naambiwa nilipe matunzo?" Mwingine anauliza "akianza kulala kwa baba yake siku tatu, hela si itakatwa, ada nitalipa na nini?" Wote wawili wana wasiwasi wa kweli, na wote mara nyingi wanajibiwa kwa kubahatisha na ndugu na marafiki, alafu mtu anasaini karatasi itakayomfunga miaka mingi kwa sababu ya jibu la kubahatisha. Hapa twende hatua kwa hatua, na nitatumia kalenda moja hiyohiyo kwenye nchi tofauti ili uone yenyewe inavyobadilika.

Kabla hatujaanza shika hili: usiku hauna bei moja. Kuna usiku unaweza kuongeza na matunzo yasibadilike hata senti, na kuna usiku mmoja tu ukiongezeka au kupungua malipo ya mwaka mzima yanahama. Anayejua ngazi ziko wapi, yaani idadi ya usiku ambapo malipo yanabadilika, anaelewa kwa nini, asiyejua anabaki kudhani anaonewa.

Hatua ya 1: Jua hesabu yako inapigwa kwa mfumo gani

Kinachoangaliwa ni sheria ya mahali shauri lenu lipo, sio mahali rafiki yako aliyeachana na mkewe alipo. Mifumo iko mingi ila kwa kazi yetu igawe hivi.

Kuna nchi zinaangalia kipato cha mzazi anayelipa tu. Uingereza iko hivyo, wanachukua asilimia ya kipato chake cha wiki kabla ya kodi, alafu wanapunguza kulingana na usiku. Texas kule Marekani nayo inaanza na asilimia ya kipato cha anayelipa, 20% kwa mtoto mmoja na 25% kwa wawili, baada ya makato yanayoruhusiwa, ila tofauti na Uingereza hakuna ngazi za usiku kwenye hiyo asilimia, ukitaka muda uhesabike unamuomba hakimu.

Kuna nchi zinajumlisha vipato vya wazazi wote wawili, zinatafuta mtoto anagharimu kiasi gani kwa familia yenye kipato hicho, alafu zinagawa. Australia iko hapa, na majimbo mengi ya Marekani.

Alafu kuna nchi hazina jedwali kabisa, yaani orodha rasmi ya nani alipe kiasi gani. Kenya na Tanzania ziko hapa, mahakama ndio inapima. Nitarudi kwa hili chini kwa sababu watu wanadhani bila jedwali muda hauhesabiki, wakati unahesabika sana.

Hatua ya 2: Hesabu usiku wa mwaka mzima, sio wa wiki

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua kalenda ya mwaka, ya karatasi au ya simu, na uweke alama kila usiku mtoto aliolala kwako. Mipango ya kawaida inatoa namba zinazojulikana:

- Wikendi moja ndio moja hapana, Ijumaa mpaka Jumapili: usiku 2 mara 26, unapata 52.
- Hiyo pamoja na kila Jumatano: 52 nyingine, jumla 104.
- Usiku 3 kila wiki: 156.
- Wiki kwako wiki kwa mwenzako: kama 182 au 183.

Sasa likizo. Tuseme mpango wako ni ule wa 104, alafu mmekubaliana likizo ndefu ya wiki 6 mgawane nusu kwa nusu, yaani wiki 3 kwako. Mtu anaandika 104 + 21 = 125. Sio hivyo. Kwenye hizo wiki 6 tayari ulikuwa umeshahesabu usiku wako wa kawaida, wikendi 3 ambazo ni usiku 6, na Jumatano 6, jumla 12. Hizo 12 zimefutwa na mpango wa likizo na mahali pake zimeingia 21. Kwa hiyo kilichoongezeka ni 9, na jumla yako ni 113. Kosa hili nililifanya mwenyewe kwenye fomu yangu ya kwanza, mzazi mwenzangu akadhani nimedanganya makusudi na ilituchukua muda mrefu kuaminiana tena kwenye mambo ya hela, kwa hiyo naomba usiruke hapa.

113 ukigawa kwa 365 ni kama 31%. Ishike hiyo namba.

Angalia pia kwenu wanahesabu nini hasa. Uingereza ni usiku. Canada ni muda, mawakili wengine wanapiga hadi kwa saa, na saa ambazo mtoto yuko shule zinakwenda kwa mzazi mwenye jukumu siku hiyo, yule atakayepigiwa simu mtoto akiugua darasani. Jimbo la Virginia kule Marekani wanahesabu siku za saa 24, na kama mtoto amelala kwa mzazi mwenye usiku mchache ila hakufikisha saa 24, kwa kawaida anahesabiwa nusu siku. Kwa hiyo mtu anayemchukua mtoto kila siku jioni, anampikia, anamfanyisha homuweki alafu anamrudisha saa tatu usiku anaweza kuwa anafanya kazi kubwa sana ya malezi na bado kwenye hesabu ya usiku ni sifuri. Mi naona hilo halijakaa sawa, ila ndio kanuni ilivyo na ni bora ulijue kabla ya kukubali mpango wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta ngazi zako ziko wapi

Tuanze na Uingereza kwa sababu hesabu yake inaonekana wazi. Mtoto mmoja, anayelipa ana pauni 700 kwa wiki kabla ya kodi. Asilimia ya msingi ni 12%, yaani pauni 84 kwa wiki. Alafu:

- chini ya usiku 52: analipa 84 yote
- 52 hadi 103: inakatwa sehemu moja ya saba, analipa 72
- 104 hadi 155: sehemu mbili za saba, analipa 60
- 156 hadi 174: sehemu tatu za saba, analipa 48
- 175 kwenda juu: nusu inakatwa, alafu inapunguzwa pauni 7 nyingine kwa mtoto, analipa 35

Sasa angalia usiku wa 51 na wa 52. Usiku mmoja wa mwaka umepunguza pauni 12 kila wiki, ambayo ni pauni 624 kwa mwaka. Alafu kutoka 52 mpaka 103, usiku 51 wa ziada, hakuna kinachobadilika. Ndio maana ugomvi mwingi unakaa pale pale kwenye 52, 104 na 156. Yule mtu wetu wa 113 yuko ngazi ya 60, na hata mwenzake akikataa Jumatano mbili tatu kwa mwaka bado yuko palepale, kwa hiyo hana haja ya kugombana kwa sababu ya hela.

Na kama malezi ya kila siku mnayafanya sawa kwa sawa, sio usiku tu bali shule, hospitali, nguo, kila kitu, Uingereza hakuna matunzo kabisa yanayodaiwa kupitia mfumo huo. Ila kuwa na usiku nusu kwa nusu peke yake haitoshi kuthibitisha hilo.

Mtu huyohuyo mpeleke Canada. Huko usipofika 40% ya muda wa mwaka, ambayo ni kama siku 146, unalipa kiasi kamili cha jedwali. 31% yake haipunguzi kitu kwenye jedwali, na hata 39% haipunguzi. Ukifika 40% sasa mlango unafunguka, lakini hauingii moja kwa moja kwenye punguzo. Mahakama inaangalia mambo matatu: kila mzazi angelipa kiasi gani kwenye jedwali, gharama zilizoongezeka kwa sababu ya kulea nyumba mbili, na hali ya wazazi na mtoto kwa ujumla. Mahakama ya Juu ya Canada ilisema hivyo wazi mwaka 2005 kwenye kesi ya Contino, kwamba kufika 40% sio tiketi ya kukatiwa, na kwamba kutoa kiasi cha jedwali cha mzazi mmoja kwenye cha mwenzake ni mwanzo tu wa hesabu. Nawaambia hili kwa sababu wapo waliopambana miezi mingi wafike 40% wakidhani kazi imeisha hapo.

Australia nayo inabadilisha muda kuwa asilimia ya gharama. Chini ya 14% unahesabiwa hujabeba gharama yoyote. Kuanzia 14% mpaka chini ya 35%, yaani usiku 52 mpaka 127, unahesabiwa umebeba 24%, ukiwa na usiku 53 au 120 ni sawa tu. Kuanzia 35% unahesabiwa 25% na kila asilimia moja ya muda inayoongezeka inakupa 2 zaidi, mpaka ufike 48% ambapo ni 50%. Kwa hiyo kati ya 35 na 48 kila asilimia ya muda ina uzito. Kabla ya 35% mzazi hawezi kupokea matunzo, hata kipato chake kiwe kidogo kiasi gani.

Hatua ya 4: Sasa ingiza vipato, usiache muda peke yake

Hapa ndipo jibu la lile swali la kwanza lilipo, la "nusu kwa nusu mbona bado nalipa".

Kwa Australia tuendelee na mtu wetu. Tuseme vipato vyao vikijumlishwa, baada ya kila mmoja kutengewa kiasi cha kujikimu, yeye ana 60% na mwenzake 40%. Kwa hiyo yeye anatakiwa kubeba 60% ya gharama za mtoto. Kwa usiku wake 113 anahesabiwa ameshabeba 24% pale anapoishi na mtoto. Iliyobaki ni 36%, hiyo ndio anamlipa mwenzake. Akiwa na muda wa 40%, anahesabiwa 35%, analipa 25%. Akiwa na nusu kwa nusu, 60 toa 50, bado analipa 10%. Sio adhabu hiyo. Mtoto akilala nyumba mbili usiku sawa, nyumba yenye kipato kidogo bado inalipa kodi ya chumba kilekile na bado inanunua viatu vilevile.

Majimbo kadhaa ya Marekani yanatumia njia nyingine ambayo ukiielewa mara moja huisahau. Mzazi A anapata dola 6,000 kwa mwezi, B anapata 3,000, jumla 9,000. Tuseme jedwali linasema mtoto wao anahitaji 1,500. Kama mtoto anakaa kwa B karibu muda wote, A analipa theluthi mbili, 1,000.

Wakilea kwa kugawana muda, ile 1,500 inazidishwa kwanza, Maryland wanazidisha kwa 1.5, Virginia kwa 1.4. Kwa nini izidishwe? Kwa sababu vitanda vinakuwa viwili, chumba viwili, sweta mbili, usafiri wa kwenda na kurudi. Tuchukue 1.5: inakuwa 2,250, A sehemu yake ni 1,500 na B ni 750. Alafu kila mmoja anamlipia mwenzake kwa muda mtoto yuko kwa mwenzake. A akiwa na 40% ya muda: 1,500 mara 0.6 ni 900, B anadaiwa 750 mara 0.4 ni 300, ukitoa A analipa 600. Wakiwa nusu kwa nusu: 750 toa 375, A analipa 375. A akiwa na 30%: 1,050 toa 225, analipa 825.

Angalia tena hizo namba taratibu. Kutoka 1,000 mpaka 825 kwa theluthi ya muda karibu, sio 700 kama watu wanavyodhani. Na kama A na B wangekuwa na kipato sawa, nusu kwa nusu ingekuwa sifuri kweli. Tofauti ya vipato ndio inabaki pale mwisho.

Na kipato chenyewe kithibitishwe kwa karatasi: slipu za mshahara, taarifa ya benki, hesabu za biashara. Muda unaweza kuuhesabu mpaka usiku wa mwisho, ila kama upande mmoja ameandika kipato nusu, jibu lote limeharibika.

Hatua ya 5: Tenga gharama ambazo hazifuati usiku

Chakula na umeme vinamfuata mtoto anakolala. Kitanda kinakuwa viwili. Lakini ada, bima ya afya, miwani, dawa za kila mwezi, mtu wa kumwangalia mtoto mkiwa kazini, hivi vinalipwa mara moja tu na mtu mmoja haijalishi analala wapi. Sehemu nyingi vinagawanywa pembeni kwa uwiano wa vipato, Canada mfano gharama maalumu ziko nje ya jedwali na hazijali kama umefika 40% au la.

Hili liandikeni kwenye makubaliano kwa majina: nani analipa, asilimia ngapi, risiti inatumwa ndani ya siku ngapi, na gharama kubwa kiasi gani lazima mwenzako aulizwe kwanza. Nimeona wazazi wakivumiliana kwenye usiku na wakaja kuvunjana kwenye meno ya mtoto.

Kama nchi yako haina jedwali

Kenya, Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema mtoto ana haki ya malezi yenye wajibu sawa wa mama na baba, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 ndio inasimamia maombi ya matunzo. Tanzania kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu waliyonayo kwa watoto wengine, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Hakuna mstari wa 52 wala 40%. Wajibu sawa pia haimaanishi kila mmoja atoe hela sawa, mwenye uwezo mkubwa anaweza kuamriwa abebe zaidi.

Kwa hiyo we mwenyewe ndio unapeleka hesabu. Andaa ukurasa mmoja: usiku wa mwaka kwa kila mzazi, gharama za mtoto za mwezi ukizigawa tatu (zinazofuata usiku, zinazojirudia nyumba mbili, zinazolipwa mara moja), na vipato. Alafu pendekeza. Mtu anayefika mbele ya hakimu au ofisi ya ustawi wa jamii na ukurasa kama huo anasikilizwa tofauti na anayefika na malalamiko. Na kama unabeba vitu moja kwa moja, labda ndiye unalipa ada yote, omba amri iseme hivyo wazi, vinginevyo baadae inaweza kuonekana hukulipa kitu.

Ushahidi wa usiku

Weka rekodi siku hiyohiyo. Kalenda ya pamoja kwenye simu inatosha, wote mnaiona, na mabadiliko yanaandikwa kwa meseji: "Leo analala kwangu badala ya kesho, sawa?" na jibu "sawa". Fupi na yenye heshima, ukijua kwamba kuna siku itasomwa na mtu mwingine. Ukilipa, lipa kwa benki au kwa simu na uandike ni ya mwezi gani. Hela ya mkononi bila risiti ni kama haikutolewa.

Rekodi iwe ya kilichotokea, sio ya kilichopangwa. Kuna mpango wa 156 kwenye karatasi ambao kwa kweli ni 90, kwa sababu mmoja anafuta wikendi kila mara. Na kuna upande wa pili, mtu anamnyima mwenzake usiku makusudi mwezi wa mwisho kabla ya hesabu ili asifike ngazi. Ukiona hayo usikae kimya mwaka mzima, andika mapema.

Usimtume mtoto kupeleka ujumbe wa hela na usimuulize "utalala wapi" kwa sababu ya hesabu. Watoto wanaelewa haraka sana kwamba usiku wao una thamani ya pesa, na akishaelewa hivyo anaanza kuogopa kusema amemkumbuka mzazi mwingine. Kama kuhama ngazi kutamwondoa kitandani kwake katikati ya wiki ya mitihani, baki kwenye ngazi ya chini ulipe, hiyo ni hela iliyotumika vizuri.

Mpango ukibadilika

Muda ukibadilika kweli, mtoto amehamia kwako au zamu ya kazi imekubana, peleka ombi la kubadilisha mara moja. Usijipunguzie mwenyewe kwa makubaliano ya mdomo. Marekani tangu 1986 sheria ya shirikisho inazuia deni la matunzo lililokwisha kuiva lisifutwe kwa kurudi nyuma, kinachoweza kubadilishwa ni kuanzia mwenzako alipopewa taarifa ya ombi lako, sio kuanzia mtoto alipohama. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa amelala kwako miezi minane na deni likaendelea kukua kwa miezi minane hiyohiyo kwa sababu hakuna aliyepeleka karatasi. Nchi nyingine zina sheria zake za tarehe, ila kuchelewa hakumsaidii mtu popote.

Na mkigombana kuhusu kumuona mtoto, endelea kulipa. Kwenye sheria za nchi nyingi haya ni mambo mawili tofauti: kunyimwa usiku kunapelekwa mahakamani kama kunyimwa usiku, na kutolipwa kunapelekwa kama kutolipwa. Anayeacha kulipa kwa sababu amenyimwa mtoto anaingia na kosa lake mwenyewe, na anayezuia mtoto kwa sababu hajalipwa vivyo hivyo.

Hesabu ipitieni upya kila mwaka tarehe moja mliyokubaliana, mkiwa na kalenda ya mwaka uliopita na slipu mpya za mshahara mezani, hata kama hakuna kilichobadilika. Inachukua jioni moja. Kama mnaogopa kukaa wawili, mwombeni mtu mmoja mnayemheshimu wote akae nanyi, au mpatanishi, na mkikubaliana namba mpya ipelekeni ikaandikwe kwenye amri kabla ya malipo ya kwanza ya namba hiyo.